Tumbo Kusokota na Utumbo Kujisokota

Hapa Moshi mtu akila maharage yasiyoiva vizuri husema tumbo linamsokota, hunywa maji ya tangawizi, na ikifika jioni yamekwisha. Ndiyo maana daktari alipoandika kwamba baba mdogo ana volvulasi, kisha akatufafanulia kuwa ni utumbo kujisokota, baadhi ya ndugu waliona habari ya kulazwa imetiwa chumvi. Kitenzi ni kimoja, mambo ni mawili. Tumbo kusokota ni maumivu yatokanayo na misuli ya utumbo kujikaza na kulegea. Volvulasi ni utumbo wenyewe kuzunguka kwenye utando unaoushikilia, ambamo mishipa yake ya damu hupita, hata njia ya choo na hewa ikafungwa na damu nayo ikashindwa kufika.

Jina hilo lina asili ya Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kubingirisha. (Waliolikuta katika jina la mnyoo wa usubi, Onchocerca volvulus, wasichanganyikiwe, mnyoo huyo haishi utumboni.) Kwa watu wazima kinachojisokota mara nyingi ni kipande cha utumbo mpana kilicho juu ya puru, kiitwacho sigmoidi, hasa kikiwa kirefu kupita kawaida. Kwa mtoto mchanga huwa ni utumbo mwembamba, na matapishi yake ya kijani ni dalili ya kumkimbiza hospitali.

Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani akatuonyesha kitanzi kikubwa kilichojaa hewa, chenye mstari katikati. Madaktari huiita alama ya punje ya kahawa, na kwa familia iliyokulia kwenye mibuni hapakuhitajika maelezo zaidi. Kwa kuwa utumbo ulikuwa haujaoza, alipitishiwa mpira katika njia ya haja kubwa, hewa ikatoka, tumbo likanywea. Hata hivyo alipangiwa upasuaji wa kukiondoa kipande hicho, kwani kikiachwa hurudia mara nyingi. Ungekuwa umeoza, angepasuliwa mara moja.

Kwa maoni yangu, anayempigia simu mhudumu wa afya asiishie kusema tumbo linasokota, bali aeleze kama limevimba na kama mgonjwa hapati choo wala hapitishi hewa. Akiwa katika hali hiyo, asipewe dawa ya kumfanya aharishe, kwa sababu utumbo uliofungwa ukisukumwa huweza kupasuka.