Mwaka Niliokosea

Niliandika 2007/2008 pale palipotakiwa 2008/2009, na kosa langu likasomwa Bungeni mbele ya kamera.

Mwishoni mwa 2011 nilikuwa katibu wa mbunge. Ukisikia cheo hicho unaweza kudhani ni kazi ya suti. Ofisi yetu ya jimbo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, na sehemu kubwa ya siku iliishia kwenye kadi za michango ya harusi, barua za watu wanaoomba ada, na simu za misiba. Maswali ya Bunge niliyaandika usiku, nikishaondokewa na wageni.

Swali lenyewe lilihusu kisima. Mheshimiwa alipita kijijini hapo kwenye ziara, wananchi wakampeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya pampu. Ilikuwa nyumba nzuri kwa kweli: tofali za saruji, bati jipya, mlango wa chuma na kufuli kubwa. Ndani, bomba nene lililotokeza ardhini, limefunikwa kwa kipande cha chuma chenye tundu. Watoto walikuwa wakipenyeza vijiwe kwenye dirisha, wakilenga lile tundu, halafu wananyamaza kusikiliza. Baada ya muda inasikika chubwi. Maji yalikuwepo. Pampu ndiyo haikuwepo, na kina mama walikuwa wakianika mtama kwenye zege la nje kwa sababu ndiyo faida pekee waliyoiona kwenye mradi ule.

"Nitalipeleka Bungeni," Mheshimiwa akasema, wakapiga vigelegele. Kwenye gari akanigeukia: "Dogo, umesikia."

Nikaandika kama nilivyoona wengine wanavyoandika. Kwa kuwa wananchi wa kijiji hicho wamekuwa wakipata adha kubwa ya maji kwa muda mrefu. Na kwa kuwa maji ni uhai: Je, ni lini Serikali itawapatia wananchi hao maji safi na salama? Nikaisoma mara mbili, nikaipenda. Kesho yake asubuhi nikaipeleka kwa mzee mmoja mstaafu aliyeishi mtaa wa pili. Ujana wake wote alikuwa karani wa taipu Dar es Salaam, enzi za vikao vya Bunge katika Ukumbi wa Karimjee, na Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za vikao vya Bunge, alizozipiga kwa vidole vyake zingejaza kabati.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akavaa miwani. Alipomaliza kusoma akaniuliza, "Nikuandikie na jibu lake hapahapa?"

Akaanza kusoma kwa sauti ya Naibu Waziri, macho juu ya dari: "Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua adha ya maji inayowakabili wananchi wa kijiji hicho. Mradi huo utatekelezwa kadri fedha zitakavyopatikana. Naomba nimpongeze Mheshimiwa Mbunge kwa jinsi anavyofuatilia, na namwomba yeye na wananchi wake waendelee kuwa na subira." Akavua miwani. "Kijana wangu, ukimwuliza mtu lini, umempa kesho. Mwulize jambo lililokwisha kutokea. Hilo hawezi kulisogeza."

Alikuwa anaijua Ibara ya 63 ya Katiba kwa kichwa, ile inayolipa Bunge uwezo wa kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Neno "lolote" alilirudia kama mtu anayeonja kitu. Watu wamepewa "lolote", akasema, wanauliza "lini".

Tukaliandika upya. (a) Je, Serikali ilitoa fedha kiasi gani kwa ajili ya kisima hicho katika mwaka wa fedha 2007/2008? (b) Je, mkandarasi gani alilipwa na kwa kazi ipi? Mwaka huo niliupata kwa mtendaji wa kijiji, kwa simu, mtandao ukikatikakatika. Nilisikia "saba nane". Sikuuliza mara ya pili. Mzee aliniuliza kama nina uhakika nikamjibu ninao. Akanisisitizia niweke na swali la akiba, la nyongeza, kwenye kikaratasi cha peke yake: jibu likija tupu, Mheshimiwa asikae chini mikono mitupu.

Swali likaenda Ofisi ya Katibu wa Bunge, likapokelewa, mimi nikarudi kwenye kadi za harusi.

Lakini swali la Bunge halisubiri siku ya kujibiwa ndipo lianze kazi. Linashuka wizarani, wizara inauliza mkoa, mkoa unauliza halmashauri, na kila ngazi inataka majibu "leo kabla ya saa 8". Jamaa niliyesoma naye, aliyekuwa akifanya kazi huko chini, alinipigia akinong'ona: "Mmetuletea nini ninyi? Watu wanafukua mafaili tangu asubuhi." Siku mbili baadaye nikapigiwa kutoka kijijini. Gari la Serikali limefika, watu wanapima kina cha kisima, wanapiga picha, wamebadilisha na kufuli. Miaka mitatu hakuna aliyekanyaga pale. Nilicheka peke yangu ofisini. Bado sikujua nimekosea.

Zamu yetu ikafika Februari 2012. Dodoma ilikuwa ya kijani, mvua imenyesha usiku, wauza zabibu wamejipanga barabarani na ndoo zao. Nilikaa jukwaa la wageni na koti la kuazima lililonibana makwapani. Saa 3 kikao kikaanza, ikasomwa Dua, Katibu akaita Maswali na Majibu. Enzi hizo Spika alikuwa Mama Anne Makinda, na kipindi cha maswali kilikuwa kinakwenda haraka: ukisinzia kidogo, wizara mbili zimepita.

Mheshimiwa akasimama, akaomba swali lake lijibiwe. Naibu Waziri akaja na karatasi moja tu. Nikaona dalili mbaya.

"Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge, lenye sehemu (a) na (b), kama ifuatavyo. Katika mwaka wa fedha 2007/2008, Serikali haikutoa fedha yoyote kwa ajili ya kisima hicho. Kwa kuwa hakuna fedha iliyotolewa, hakuna mkandarasi aliyelipwa." Akakaa.

Hakudanganya hata neno moja. Nilimwuliza kuhusu mwaka fulani akanijibu kuhusu mwaka huohuo, na aliyeandaa jibu bila shaka alikuwa na mwaka wa pili kwenye faili lilelile, akaufunika. Mimi nisingemlaumu sana. Mlango niliuacha wazi mwenyewe. Jasho lilinitoka hadi kwenye koti la watu.

Mheshimiwa alitazama juu jukwaani, akanitafuta, akanipata. Kisha akakunjua kile kikaratasi.

"Mheshimiwa Spika, nashukuru kwa majibu ya Serikali. Nina swali moja dogo la nyongeza. Kisima kipo, nyumba ya pampu ipo, mlango wake nimeushika kwa mkono wangu. Kama mwaka huo hapakutolewa fedha, je, vilijengwa kwa fedha za mwaka gani, na kiasi gani?"

Kicheko kikapita ukumbini. Naibu Waziri akaigeuza ile karatasi yake. Nyuma palikuwa peupe. Akasema kwa kuwa suala hilo linahitaji takwimu, anaomba ampatie Mheshimiwa Mbunge majibu kwa maandishi, na yuko tayari kuongozana naye kwenda kukiona kisima. Swali linalofuata.

Nje, chini ya mti, Mheshimiwa hakunipigia kelele, na hilo liliniumiza zaidi. "Dogo, umenivua nguo," akasema, akaondoka. Nikampigia mzee kumweleza aibu yangu. Alinikatiza. "Amesema kwa maandishi? Mbele ya Spika?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi imo kwenye Hansard. Tulia, mwanangu, nenda kale."

Barua ilichukua wiki kadhaa, nami nikaiulizia kila Jumatatu hadi wahusika wakaitambua sauti yangu. Ilipofika ilikuwa kurasa mbili zenye sahihi na mhuri, na jedwali dogo. Mwaka wa fedha 2008/2009. Kuchimba kisima. Kujenga nyumba ya pampu. Na mstari wa tatu: pampu moja, imenunuliwa na kufungwa. Jumla shilingi 38,600,000.

Tuliisoma kwenye mkutano wa kijiji, chini ya mwembe. Mtendaji ndiye aliyepewa kusoma, na alisoma vizuri hadi mstari wa tatu, hapo sauti ikapungua. Mama mmoja wa makamo, amejitanda khanga, akanyoosha mkono: "Rudia hapo kwenye pampu." Akarudia. "Imefungwa wapi?" Hakuna aliyejibu. Watu wakaigeukia ile nyumba, maana ilikuwa inaonekana kutoka pale tulipokaa.

Kufikia jioni mtu alikuwa ameandika 38,600,000 kwa mkaa kwenye ukuta wa mbele, tarakimu kubwa, sifuri zote.

Pampu ilifika mwezi wa 7, usiku, kwenye pikapu. Imetoka wapi, imenunuliwa kwa fungu lipi, hatukuambiwa, na Mheshimiwa hakutaka niandike swali jingine. Siku ya uzinduzi, kabla ya wageni wa wilaya kufika, mtendaji alimtuma kijana na ndoo ya chokaa akaifute ile namba. Aliwakuta kina mama wamepanga ndoo zao mbele ya ukuta huo, wamezikalia, wanasubiri maji.