Chumvi katika Fomu ya National Honor Society

Mwanafunzi wa sekondari nchini Marekani anayetaka kuingia National Honor Society, chama cha kuwaenzi wanafunzi bora, hujaza fomu ya kueleza shughuli zake, na kwa maoni yangu fomu hiyo humpima uaminifu kabla ya kumpima kitu kingine chochote. Chama hicho, kilichoanzishwa mwaka 1921 na chama cha wakuu wa shule za sekondari wa nchi hiyo, kina nguzo nne: taaluma, huduma, uongozi na tabia njema. Katika taaluma hakuna mwanya wa kudanganya, kwa kuwa wastani wa alama, ambao hauruhusiwi kuwa chini ya 3.0 katika kipimo cha 4.0, hutoka katika kumbukumbu za shule yenyewe. Huduma na uongozi, kinyume chake, mwanafunzi hujieleza mwenyewe, na hapo ndipo chumvi inapoanza kutiwa.

Katika fomu za vijana wa ukoo wetu ambazo nimeombwa kuzipitia, sijawahi kukuta uongo mtupu. Ninachokikuta ni jambo la kweli lililokuzwa kidogo. Mpwa wangu, kwa mfano, alikuwa amejiita mratibu wa ukusanyaji wa vyakula vya msaada na kuandika saa 30. Nilipomuuliza mratibu alikuwa akifanya nini hasa, alinijibu, "Mjomba, nilikuwa naangalia tarehe kwenye makopo, yaliyokwisha muda nayatenga, mengine napanga kwenye maboksi." Ratiba ya watu ilikuwa mikononi mwa mwalimu. Tulipozihesabu Jumamosi alizokwenda, saa mbili kila mara, tukapata saa 18. Zilizobaki zilikuwa za safari ya basi na za majuma mawili ambayo kituo kilifungwa. Tulilifuta neno mratibu na mahali pake akaeleza kazi yenyewe, pamoja na jinsi alivyowaonyesha wanafunzi wapya namna ya kuzisoma tarehe hizo, jambo ambalo awali hakuliandika kabisa kwa sababu aliliona dogo mno. Mimi nililiona kuwa ndilo la uongozi kuliko cheo alichojipa.

Inafaa pia kukumbuka ni nani wanaoisoma fomu. Uamuzi hufanywa kwa kura ya wingi katika baraza la walimu watano walioteuliwa na mkuu wa shule, huku mwalimu mshauri wa tawi, yaani wa chama hicho katika shule husika, akiwa hana kura. Hawa si wageni: huenda mmoja wao ndiye aliyesimamia kazi ile ya Jumamosi, au anamfahamu aliyeisimamia, na cheo kisichokuwapo atakitambua mara moja.

Tabia ndiyo nguzo ngumu zaidi. Kijana aliyewahi kuadhibiwa kwa kunakili kazi ya mwenzake huuliza kama anapaswa kulitaja. Ninavyoona, fomu ikiuliza, ajibu kwa ukamilifu, aeleze kilichotokea na alichobadilisha tangu hapo. Isipouliza, halazimiki kugeuza insha yake kuwa maungamo, ila asijisifu kwa rekodi safi asiyokuwa nayo. Kuhusu insha inayoandikwa na mzazi au na programu ya kompyuta kisha ikatiwa sahihi na mtoto, sina haja ya kusema mengi. Huo ni udanganyifu.

Kuna kanuni moja ambayo wazazi wengi hawaijui. Mwanafunzi ambaye hakuchaguliwa anaweza kufikiriwa tena baadaye iwapo bado anatimiza masharti, lakini mwanachama aliyefukuzwa, baada ya kupewa nafasi ya kusikilizwa, hawezi kuchaguliwa tena kamwe. Aliyeandika saa 18 za kweli na kukosa nafasi, kwa hiyo, bado ana mlango, ilhali aliyeingia kwa saa 30 za kubuni anaweza kupoteza kila kitu hata miezi kadhaa baada ya sherehe.

Baadhi ya wazazi hunijibu kwamba kila mtu hukuza saa zake. Huenda ni kweli, ingawa mara nyingi kinachokosekana ni maelezo tu, kwa kuwa kila tawi hujiwekea kiasi chake cha saa na namna yake ya kuzihesabu. Mwanafunzi amwandikie mwalimu mshauri mapema, aulize kama muda wa safari na wa mafunzo unahesabiwa, ahifadhi jibu, na kila siku ya kazi aandike tarehe na saa kabla ya kuondoka, msimamizi atie sahihi siku hiyo hiyo.