Rezini na unyevu wa Lamu

Jana usiku nilifungua kalibu ya tatu, na kwa mara ya kwanza sikukuta kiputo hata kimoja. Ninaunda kielelezo cha Cessna Caravan kwa kipimo cha 1/72, ndege ile ile inayotua Manda, ng'ambo ya mkondo, ambayo mabawa yake ya takribani mita 16 hapa mezani ni kama sentimita 22. Sanduku la mizigo linalokaa chini ya tumbo lake nililichonga mwenyewe kwa kibanzi cha msaji nilichopewa na fundi wa milango, nikalipiga msasa na vanishi mpaka vinyweleo vya mti vikaziba kabisa, kwani silikoni ninayoimwagia juu yake ili kupata kalibu hunakili kila mkwaruzo, hata alama ya kidole. Tabu ilikuwa rezini ya poliyurethani, plastiki ya majimaji inayomiminwa ndani ya kalibu ikagandia humo, ambayo ikikutana na unyevu hutoa kaboni dioksidi na kuumuka kama unga wa mahamri. Nami, kwa ujinga wangu, nilikuwa nikiimimina barazani huku kusi ikivuma. Safari hii niliikausha kalibu katika oveni ya mke wangu (ambaye bado hajaambiwa), nikafunga madirisha, kisha nikamimina polepole kutoka pembe moja. Kesho ni zamu ya magurudumu.