Tisheti ya rais

Juzi nimemkuta mke wangu anapangusa sakafu na tisheti ya kampeni ya 2023, sura ya mheshimiwa imelowa chapachapa, nikacheka peke yangu mpaka akaniuliza nina nini. Nikamwambia nimemkumbuka papa, baba yangu, na yule mwanajeshi. Hakuelewa, yeye 2012 alikuwa Bukavu.

Papa alikuwa mtu wa rais wa wakati ule, Kabila, kabisa, hilo mjue. 2006 huku mashariki mwa Kongo tulimpa Kabila kura karibu zote, tulijua vita sasa basi, papa akabandika kalenda ya Kabila sebuleni na mwaka ukaisha kalenda ikabaki ukutani. 2008 waasi wa Nkunda wakafika mlangoni mwa Goma, mji wetu, papa akasema mwacheni rais kwanza afanye kazi. 2011 kura tena, akarudi na tisheti ya kampeni, ila sasa habari zikianza redioni anazima, na zile shantie tano, yaani miradi mitano tuliyoahidiwa, maji na umeme vikiwemo, sisi bado tuko kwenye foleni na mabidoni. Siku moja tukaona kalenda haipo. Hakuna aliyeuliza.

Basi tarehe 20 Novemba 2012. Waasi wa M23 wanaingia Goma upande wa uwanja wa ndege, jeshi letu linakimbia kupitia mtaa wetu wa Ndosho kwenda Sake, kwa miguu, wake zao nyuma na magodoro na masufuria kichwani. Rais tunasikia yuko Kampala.

Askari mmoja akakata kona akaingia kwenye parseli yetu, kiwanja cha nyumba. Kijana tu. Buti moja soli imeachia, amelifunga na kamba ya chandarua, na hiyo kamba ndiyo niliyokuwa naiangalia muda wote maana uso wake niliuogopa. Nusu Lingala nusu Kiswahili: "Papa, unisaidie na nguo, nguo yoyote." Mama akanong'ona usimpe, wakimkuta nayo watarudi kutuuliza. Papa akaingia ndani, akakaa huko weee, akatoka na ile tisheti ya kampeni, mpya, bado ina mikunjo.

Kijana akaikunjua kwa mikono miwili. Akaangalia ile sura. Akamwangalia papa. Mimi nikasema hapa tumekwisha, maana bunduki ameiegemeza pale pale kwenye ukuta wa mawe ya volkano, mkono ukinyooka anaifikia. Halafu akacheka, kicheko kikavu kama kikohozi, akasema "Papa, huyu mshahara wangu hajalipa, leo ndiyo anivalishe?" Akaigeuza ndani nje, akaivaa. Kitambaa chenyewe chepesi, sura bado inaonekana kwa ndani, kinyumenyume. Gwanda akaliacha chini, na bunduki alitaka kuiacha pia, papa akamwambia hapana mwanangu, hiyo nenda nayo.

Mama alichoma lile gwanda usiku, likatoa moshi wa ajabu.

Kesho yake M23 wakaita watu kwenye uwanja wa mpira, wakasema wanaenda mpaka Kinshasa, na kuna watu walipiga makofi, watu ninaowajua, ambao M23 hawawapendi hata kidogo. Jirani yetu alirudi akasema angalau hawa wamekuja wenyewe kutuambia. Papa akamtukana, halafu jioni wakakaa wote wawili kuisema serikali mpaka giza likaingia, kwa hiyo hata matusi yale sikujua yalikuwa ya nini. Tarehe 1 Desemba waasi wakatoka, wakapigwa 2013, na Januari 2025 hao hapo tena mjini, na mimi bado sijui siku ile uwanjani watu walimpigia nani makofi.

Papa nilikuja kumuuliza, kwa nini ile tisheti na si nguo nyingine. Akanijibu bila kuniangalia kwamba ndiyo iliyokuwa juu kabatini. Mama akadakia kutoka jikoni: uongo mtupu, juu kulikuwa na shati lake la kanisani.