Pawatila ya umeme, wiki ya 14: mwizi alikuwa washa ya bolti

Imelima, pawatila yangu, lile trekta la mkono nililoling'oa dizeli nikalifunga mota ya umeme! Saa moja na dakika tano bila kuzima hata mara moja, kwenye mbuga ya mpunga ya baba mdogo kule Uyui, mkoani Tabora, lile tope jeusi ambalo hata ng'ombe huingia wakinung'unika. Robo heka hivi, nimepima kwa hatua. Nimesimamisha mwenyewe, betri ikiwa imebaki kama robo. Nimerudi Ipuli na matope hadi magotini, na kabla ya kuoga naandika, maana wiki tatu zilizopita nilikaribia kuurudishia huu mtambo dizeli yake.

Vifaa ni vile vile: fremu na giaboksi ya pawatila iliyokuwa na dizeli ya hospawa 15 (kama kilowati 11), mota ya bushilesi, yaani isiyo na brashi, ya kilowati 5, seli 16 za betri ya lithiamu (LiFePO4) za ampea-saa 100, BMS (saketi inayoilinda betri) ya ampea 150. Pulii inchi 3 kwenye mota, inchi 9 kwenye shafti. Kuna waliocheka kwamba kilowati 5 haziwezi kukaa kwenye kiti cha kilowati 11. Haya, tupige hesabu. Dizeli ile kwa mizunguko 2,200 kwa dakika ilitoa nguvu ya kusokota ya kama Nm (newtonmita) 48. Mota yangu kwa mizunguko 3,000 inatoa kama Nm 16, na pulii inazidisha mara tatu, tunarudi 48. Nguvu ya kusokota ni ile ile, kilichopungua ni mwendo, shafti sasa inazunguka mara 1,000 tu. Sawa. Mpunga haukimbii.

Sasa ugonjwa wenyewe. Nikiinua magurudumu juu ya matofali, mota inazunguka kutwa nzima. Nikiingia shambani, jembe likashika, inavuta vizuri kabisa dakika saba, nane, halafu kontrola, kile kifaa kinachoigawia mota umeme wa betri, inakata. Taa yake inapepesa alama ya volti ndogo. Natazama mita niliyofunga kwenye mpini: volti 51. Volti ndogo iko wapi? Nasubiri dakika kumi, inawaka kama hakuna kilichotokea, inalima dakika tano, inakata tena.

Nikaamua kwamba kontrola inasema uongo. Hapo ndipo nilipopotea.

Nilihamisha nyaya za sensa za mota, zile nyembamba zinazoiambia kontrola mota imefika wapi, mbali na zile tatu nene za umeme mkubwa, nikidhani zinaingiliana. Wapi. Nikaazima kontrola nyingine kwa fundi mwenzangu wa Isevya, ikakata dakika ile ile ya saba, na bado nikapata ujasiri wa kusema labda zote mbili ni mbovu. Usiku mmoja nikafungua BMS kwa mwanga wa tochi, saa mbili nzima, nikijua fika kwamba BMS ingekata basi kila kitu kingezima, pamoja na hiyo taa inayopepesa. Kichwa kinajua, mikono inafungua skrubu.

Siku ya nne ya kukatikiwa shambani, baba mdogo alikuja na kigoda chake, akakaa chini ya mwembe.

"Mwanangu, inakula nini hiyo?"

"Umeme, baba."

"Basi ina njaa. Lakini chakula umesema kimejaa."

"Kimejaa, baba, mita inaonyesha."

"Kimejaa tumboni au kwenye sahani?"

Nilicheka, nikaendelea kulaani kontrola. Ni usiku, nikiwa nimelala, ndipo sahani ilipoanza kunisumbua. Mita ya kwenye mpini nimeifunga wapi? Kwenye nguzo za betri. Kontrola inapima wapi? Mdomoni pake, mita kadhaa mbele, baada ya swichi, fyuzi na waya. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa mahali pake.

Kesho yake nilifunga nyaya ndefu za kupimia, dogo akatembea pembeni ameshika mita huku mimi nalima. Ampea 120. Betri: 51.0. Kontrola: 43.9, na mimi nimeiweka ikate kwenye 44. Volti 7 zinapotea njiani! Tukaanza kupima kipande kwa kipande, jembe likiwa ardhini, kwa sababu ukipima mtambo umesimama hauoni kitu, ampea hazipiti. Waya wa milimita za mraba 16 kwenda na kurudi: 0.8. Swichi kuu: 0.4. Fyuzi: dakika ya kwanza 1.3, ya tatu 2.6, ya saba 5.9.

Volti 5.9 kwa ampea 120 ni zaidi ya wati 700. Nilikuwa nimewasha karibu pasi nzima ya nguo ndani ya kile kipande cha dumu nilichokifunikia fyuzi isiingiwe na matope. Kadiri inavyopata moto ndivyo inavyozidi kuziba, ikipoa inafungua njia.

Nilipofungua dumu, plastiki ya kishikio ilikuwa ya kahawia. Na chini ya lagi, kile kichwa cha shaba cha mwisho wa waya, kati ya shaba na shaba, imekaa washa ya chuma. Washa! Niliiweka mimi, Novemba, kwa sababu bolti ilikuwa ndefu na nati inaishiwa uzi kabla ya kubana. Badala ya kuiweka juu, chini ya nati, nikaiweka katikati, umeme wote ukalazimika kupita kwenye kipande cha chuma chenye kutu. Nimeitoa, nimekwangua nyuso, nimebadilisha bolti. Fyuzi sasa inakula volti 0.1.

Kuhusu zana: mita ya kubana, inayopima ampea kwa kuukumbatia waya tu, iwe ile inayosoma DC, umeme wa betri. Nyingi za bei nafuu zinasoma AC peke yake, umeme wa nyumbani, ukiibana kwenye waya wa betri inakuambia sifuri nawe unaamini. Na kubana lagi kwa nyundo na tindo nimeacha. Mashine ya haidroli ya kubania niliinunua kwa kulalamika, sasa nalala nayo chumba kimoja.

Nilipanga hatua inayofuata iwe kuchaji kwa sola shambani, maana chaja ya ampea 20 inachukua karibu saa nne kurudisha nilichotumia leo. Lakini jana nilisimama pale stesheni nikiangalia kichwa cha treni ya mizigo kikivuta. Kwa vingi vya vichwa hivi, dizeli haigusi magurudumu: inazungusha jenereta, na kila ekseli ina mota yake. Caterpillar walipeleka wazo la jenereta na mota kwenye buldoza D7E, waliyoionyesha 2008. Nikajiuliza, kwa nini mimi bado nimebeba giaboksi ya kilo zote hizi na klachi mbili za kukatia kona? Mota mbili, kila gurudumu na yake. Kona ni kupunguza moja na kuongeza nyingine, klachi zinabaki historia.

Kwa hiyo sola imesimama. Fremu yake niliyochomelea nusu, mke wangu ameshaifanya kichanja cha vyombo, na sioni ikirudi. Mezani nina mota mbili za bajaji ya umeme zilizokwisha kuzikwa na wenyewe. Moja inazunguka. Nyingine inatetemeka tu: nyaya tatu nene na tatu za sensa, sijui ipi iende wapi, kwa hiyo kuna mipangilio 36 ya kujaribu, na hapa nilipo nimefika wa 19.