Nilivyotoa mamilioni ya rekodi PostgreSQL bila kuua seva ndogo

Mteja wetu, mamlaka moja ya maji, alitaka faili moja la CSV lenye usomaji wote wa mita tangu mfumo uanze. Jedwali liko kwenye PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata) na lina mamilioni ya rekodi, na seva inayoendesha programu ina RAM ya GB 2 tu. Programu ya Python niliyoikuta ilikaa kimya, memori ikapanda, kisha skrini ikaandika neno moja: Killed. Ukikutana na hilo kwenye Linux, angalia dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli (kiini cha mfumo). Mara nyingi utakuta kerneli yenyewe imeiua programu iliyokula memori kupita kiasi.

Cha ajabu, msimbo ule tayari ulikuwa na fetchmany(5000), yaani nipe rekodi 5000 kwa mara. Ukiusoma unaona mafungu. Lakini katika psycopg2 (maktaba inayounganisha Python na PostgreSQL), kishale (cursor, kitu kinachotuma swali na kusoma majibu) cha kawaida kikishapita execute() huvuta majibu yote kutoka kwenye hifadhidata na kuyajaza kwenye memori ya programu yako. Fetchmany inakuja baadaye kukugawia kilichokwisha kufika. Ni kama kununua gunia zima la mchele, ukalitua jikoni, ndipo ukaanza kupima kibaba kibaba.

Dawa ni kukipa kishale jina:

cur = conn.cursor(name="ripoti")
cur.itersize = 5000
cur.execute("SELECT id, mita, tarehe, uniti FROM usomaji")
for r in cur:
    csv_out.writerow(r)

Jina hilo si pambo. Likiwepo, psycopg2 hutuma DECLARE CURSOR, majibu yanabaki upande wa PostgreSQL, na fungu likiisha inaomba jingine kwa FETCH. Usipogusa itersize, yaani ukubwa wa fungu, ni rekodi 2000. Mimi nilipandisha hadi 5000 kwa kuwa rekodi zetu ni fupi; zenye maandishi marefu, shusha. Kufika laki moja sioni faida, maana safari za mtandao zimeshapungua vya kutosha na unachoongeza ni mzigo wa memori. Na ukiita fetchall(), inayovuta rekodi zote kwa mpigo, kwenye kishale hicho hicho, umerudi kule kule.

Kilichonisumbua zaidi ni commit, yaani kuthibitisha mabadiliko kwenye hifadhidata. Programu ilikuwa pia inaweka alama kwenye rekodi zilizokwisha kutolewa, na inafanya commit() kila baada ya fungu. Kishale cha namna hii huishi ndani ya muamala (transaction) mmoja: ukifanya commit kinakufa, fungu linalofuata linakataa. Unaweza kukifungua kwa withhold=True, ila hapo PostgreSQL hulazimika kuandaa majibu yote yaliyobaki wakati wa commit na kuyahifadhi, ikibidi kwenye diski. Sikuipenda hiyo. Nikafungua miunganisho miwili, mmoja wa kusoma, mwingine wa kuandika na kufanya commit.

Muamala mrefu nao una bei yake. Wakati kishale kiko wazi, VACUUM (usafishaji wa PostgreSQL) haiwezi kuondoa matoleo ya zamani ya rekodi ambayo muamala ule bado ungeweza kuyaona, na jedwali linalobadilishwa sana huvimba. Ndiyo maana ripoti hii naiendesha usiku.

Kwa kazi ya saa nyingi, hasa mtandao ukiwa wa kukatika-katika, naachana na kishale kabisa na kutumia WHERE id > %s ORDER BY id LIMIT 5000, nikihifadhi id ya mwisho. Ikikatika, naendelea nilipoishia. Ubaya wake ni kwamba kila fungu linaona data ya wakati wake, kwa hiyo kwa hesabu zinazopaswa kulingana hadi senti siitumii. Wengi hukimbilia OFFSET, yaani kuruka idadi fulani ya rekodi za mwanzo. Mwanzoni inateleza vizuri, lakini ukifika OFFSET 3000000 seva inapitia rekodi hizo milioni tatu zote na kuzitupa kabla ya kukupa zako.

Kwa wenye MySQL, hifadhidata nyingine, maktaba ya Python iitwayo PyMySQL ina SSCursor ya kazi hiyo hiyo. Kule huwezi kutuma swali jingine kwenye muunganisho ule mpaka umalize kusoma majibu yote, kwa hiyo ule muunganisho wa pili bado utauhitaji.