Siku moja maishani mwangu: namchora Bibi Titi ukutani, Ngamiani

Saa kumi na moja alfajiri

Adhana imenikuta macho. Nimeswali, kisha nikafungua dirisha kutazama mawingu, maana leo ni tarehe 4 Novemba, vuli imeshaingia, na sisi mafundi wa kuandika mabango hapa Tanga mvua ndiyo inayotupangia kazi. Kesho kina mama wa kikoba chetu wanamsomea khitma Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru wa Tanganyika, aliyefariki tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg alikopelekwa kutibiwa. Wanataka waisome mbele ya sura yake. Sura yenyewe imefika nusu: jicho moja limekamilika, la pili bado ni mistari ya chaki.

Rangi wamenunua wenyewe. Ni wauza mbaazi na mandazi, wasusi, mama lishe, na wawili wenye cherehani. Kila Jumamosi walipokuwa wakiweka hisa, waliweka na kidogo pembeni kwa ajili ya ukuta. Ufundi nimeutoa mimi. Waliponiuliza bei nilishindwa kuitamka, nikasema niacheni, hii ni sadaka yangu kwake.

Saa moja asubuhi

Mimi na mpwa wangu, kila mtu na baiskeli yake, makopo yamefungwa nyuma kwa mpira. Ngazi tuliilaza huko huko tangu juzi. Ukuta ni wa nyumba ya mzee mmoja anayewapa kina mama baraza ya kukutania, umeelekea barabarani, na kila apitaye lazima auone.

Kuta za huku pwani zina chumvi. Ukizipaka rangi hivi hivi, miezi michache tu inafura na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Kwa hiyo siku ya kwanza yote tulikwangua kwa brashi ya waya, tukaosha, tukaacha pakauke, tukapiga msasa, kisha andakoti mbili. Siku ya pili nikachora miraba. Picha niliyopewa ni nyeusi na nyeupe, upana sentimita 10, urefu 14. Niliigawa kwa rula miraba ya sentimita moja moja, halafu ukutani nikavuta uzi uliopakwa chaki, miraba ya sentimita 20. Kilichomo kwenye mraba mdogo unakihamisha kwenye mraba mkubwa, mmoja baada ya mwingine, na sura inakua hadi mita mbili kwa karibu tatu bila pua kupinda. Mpwa wangu ameshika njia hii haraka kuliko nilivyoishika mimi.

Saa tatu

Chai, mandazi na mbaazi za nazi, zimeletwa na mwenyekiti wa kikoba. Tukiwa tunakula akafika bibi wa nyumba ya tatu na mkongojo wake. Alizaliwa vita vya Hitler havijaisha, ndivyo anavyosema, na kila siku anakuja kukagua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umemfanya mweupe?"

Kweli. Picha ya zamani haikupi rangi ya ngozi, inakupa mwanga na kivuli tu, na mimi nilikuwa nimefuata mwanga. Bibi akanyoosha mkono wake karibu na ukuta, akaugeuza juani. "Mchanganyie hapa," akasema. Nikachanganya kahawia na nyekundu kidogo na tone la nyeusi, nikapaka tone kwenye kidole changu nilinganishe na mkono wake, nikaongeza tena nyekundu. Mara ya nne akaitikia kwa kichwa. Shavu la Bibi Titi pale ukutani, ukitaka kujua, limetokana na mkono wa ajuza wa Ngamiani.

Mama yake bibi huyu alikuwa mchezaji wa lelemama hapa hapa mjini. Ndiyo maana anakuja. Watu wengi wanadhani Bibi Titi alitokea kwenye siasa. Alitokea kwenye ngoma. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, shule aliishia darasa la nne, na mjini alijulikana kama mwimbaji wa kikundi cha Bomba. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilianza tarehe 7 Julai 1954, na yeye kadi yake ilikuwa namba 16. Mwaka 1955 alikuja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza wanaume wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Jibu la kueleweka hawakuwa nalo. Basi akaitwa Bibi Titi.

Naye akaenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Hapo ndipo ninapomwona alivyokuwa na akili. Kikundi cha ngoma kilikuwa na kiongozi, mweka fedha, sare, na wanachama waliozoea kuitana na kuchangiana kwenye arusi na misiba. Ukimpata kiongozi mmoja umepata wanawake wengi, na habari inasafiri kwa wimbo hadi kwa asiyejua kusoma. Katika miezi mitatu alikuwa ameandikisha wanawake 5,000. Mwaka 1955! Wakati ambao mwali alikuwa akiwekwa ndani na mke akitoka kwa ruhusa. Mwanamke asimame jukwaani mbele ya wanaume, aseme serikali ya Gavana Twining iondoke, kisha arudi nyumbani akapike.

"Mama alikuwa nayo kadi," bibi akasema. "Aliiweka kwenye kasha, chini kabisa, chini ya sanda yake. Akijua hapo hapana atakayepekua."

Niliacha kutafuna.

Saa tano

Jicho la pili. Hapa sina la kuhadithia, ukichora jicho huongei.

Saa sita na nusu

Mdomo ndio ulionichukua muda. Siku zote tukiwachora wakubwa tunawafumba midomo, wanatabasamu kidogo, wametulia. Nilijaribu hivyo kwa chaki nikaona si yeye. Mwanamke aliyezunguka nchi nzima akihutubia umchore kafumba mdomo? Nikafuta kwa kitambaa, nikaufungua, kama yuko katikati ya neno. Meno ya juu yanaonekana kidogo. Nyeupe ya meno usiichukue moja kwa moja kutoka koponi, itang'aa kama vigae. Unaitia kijivu kidogo cha kivuli, na pembeni unaiacha ipotee. Mama mmoja aliyekuwa anapita na sinia la mandazi kichwani alisimama akasema, "Anaimba au anahutubia?" Nikamwambia kwake yeye vilikuwa kitu kimoja.

Saa saba na nusu, baada ya adhuhuri

Mwenye nyumba ametoka msikitini akasimama nyuma yangu muda mrefu. Ni mtu mwema, ukuta katupa bila masharti. Leo akaona maneno niliyoyapanga kwa penseli chini ya sura: Mwimbaji. Mama wa TANU. Mwenyekiti wa UWT. Mbunge. Mfungwa.

"Hilo la mwisho lifute, binti yangu. Watoto wanapita hapa kwenda shule. Na mambo hayo yameshapita."

Nikashuka ngazini, maana huwezi kubishana na mzee ukiwa juu yake. Nikamwambia kwa adabu kwamba ndilo ninaloliogopa kulifuta kuliko yote. UWT, umoja wa wanawake, ilipoundwa mwaka 1962 alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka 1965 akapoteza ubunge. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, viongozi wakakatazwa kuwa na nyumba za kupangisha, naye akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU. Wapo waliomwona mroho wa mali. Mimi ninayekaa na kina mama wa kikoba naliona vingine. Mwanamke wa pwani wa darasa la nne, asiye na pensheni wala cheti, akiba yake ni nini kama si chumba cha kupangisha? Alisema anachokiamini mbele ya watu waliokuwa wakimshangilia jana yake, na alijua atakachopoteza.

Oktoba 1969 akakamatwa. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini katika nchi yetu, ya siku 127, pamoja na aliyekuwa waziri Michael Kamaliza na maofisa wa jeshi. Alikana mashtaka. Akahukumiwa kifungo cha maisha. Marafiki wa siasa wakamkimbia, na ndoa yake nayo ikavunjika. Baadaye Mwalimu Nyerere akamsamehe, akatoka, akaishi kimya kimya miaka mingi. Ilipofika 1991, nchi inatimiza miaka 30 ya uhuru, ndipo gazeti la chama likamtaja tena kuwa shujaa.

"Mzee," nikasema, "jukwaani alikuwa na vigelegele. Gerezani alikuwa peke yake. Nikiandika la vigelegele tu, nitakuwa nimemheshimu nusu."

Hakujibu. Akaingia ndani. Nilidhani nimemkosea, na moyo ulinidunda kweli, kwa sababu ukuta ni wake na neno lake ndilo la mwisho.

Saa nane na robo

Mvua. Ilishuka ghafla kutoka baharini, tukakimbilia turubai. Rangi ya mafuta iliyoanza kushika haidhuriki sana, matone yanateleza juu yake, lakini kidevu nilikuwa nimekipaka muda si mrefu na tone moja likachora mfereji hadi shingoni. Mpwa wangu alitaka kulifuta kwa kitambaa nikamzuia kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Ukifuta rangi mbichi unaeneza uharibifu. Unasubiri ikauke, unapiga msasa laini, unarudia. Tulikaa chini ya turubai kama saa nzima, bibi wa nyumba ya tatu katutumia chai ya tangawizi. Nikamwomba msamaha mpwa wangu. Akaniuliza kama kweli kuna barabara ya Bibi Titi Dar. Nikamwambia ipo, inapita Mnazi Mmoja, siku tukienda nitamwonyesha kibao.

Saa kumi jioni

Jua limerudi. Maandishi huwezi kuyaweka kwenye ukuta wenye unyevu, yatabanduka, hivyo tulikausha kwa vitambaa na kusubiri tena. Mwenye nyumba akatoka na kiti, akakaa.

"Nimefikiri," akasema. "Andika. Lakini ukiandika aliingia, andika na alitoka. Usimwache ndani."

Sikuwa nimeliona hilo. Siku zote nimekaa na neno "mfungwa" kama ndiyo mwisho wa sentensi. Nilipanda ngazi na penseli nikaongeza mstari: Mfungwa. Akatoka, akaheshimiwa. Mzee akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, akasema nafasi ya pili imebana. Ilikuwa imebana kweli, nikairekebisha.

Saa kumi na mbili na nusu

Magharibi. Herufi zimekamilika kwa nyeusi, zimezungushiwa kijani, rangi za bendera ya TANU. Kina mama wameanza kufika kufagia mbele ya nyumba na kupanga mikeka ya kesho. Mmoja alianza kuimba kwa sauti ya chini, wengine wakaitikia huku wanafagia. Bibi na mkongojo wake aliwekewa kiti mbele kabisa ya ukuta. Hakusema kitu muda wote huo. Kisha akaniita.

"Mkononi kashika nini?"

Nilikuwa nimemchora mkono umeinuliwa, kiganja kitupu, kama wasemavyo wahutubiaji.

"Mpe kadi."

Saa mbili usiku

Kadi ni mstatili mdogo tu, mpwa wangu ameniwekea mwanga wa simu kutoka chini ya ngazi na mkono umeanza kumchoka. Mkono wangu pia. Nimeiweka kati ya kidole gumba na cha shahada, kijani iliyofifia, pembe moja imekunjika kidogo kama iliyotolewa chini ya kasha. Kwa brashi namba moja, ile yenye nywele chache kuliko zote, nimeandika 1, nikashusha pumzi, nikaandika 6. Bibi amesogezwa karibu. Anauliza kama inasomeka kutoka barabarani. Mpwa wangu amevuka hadi ng'ambo na simu yake, na kutoka kule gizani anaita: "Inasomeka!"